Nane Nyeusi

Nikitoka zamu hospitalini, starehe yangu ni barua kuukuu za Uingereza, za kabla ya stempu. Nazinunua moja moja kwenye maduka ya vitu vya kale mjini Anoka, huku ughaibuni ninakoishi, kisha nakaa nazo mezani nikipiga hesabu ya umbali na idadi ya karatasi, maana ndivyo posta ilivyotoza zamani. Namba ya wino mwekundu ina maana mwandishi alilipa. Ikiwa nyeusi, analipa anayepokea.

Mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Moshi, alinikuta nimeinamia nane nyeusi. Nikamweleza kwamba ni peni nane za Kiingereza, na kwamba kijana mmoja alimwandikia baba mkwe wake akamwachia mzee alipe.

"Bahili mkubwa," nikasema.

"Bahili wapi," akajibu. "Angelipa yeye, si angekuwa anamwambia mzee hana uwezo? Huko ni kukosa adabu."

Na kweli, Waingereza wengi wa wakati ule waliona hivyo hivyo. Lakini sikumsifu, nilimtazama tu. Asubuhi ile, kwenye duka la nyama Brooklyn Center, alinisukuma kwa bega akawahi kulipa kwa dola zake, mimi mwenyeji nimesimama na kadi mkononi. Nilinuna hadi nyumbani, lakini mama mkwe utamwambia nini?

Akaelewa.

Tuliporudi dukani, mikono aliiweka nyuma. Muuzaji alipouliza tunataka nyama kiasi gani, mama mkwe alimwonyesha mbuzi mzima.