Siku Nilipotangaza Shida za Nyumbani

Sisi tuliokulia Mabatini enzi hizo tulifundishwa adabu moja kabla hata ya kuvaa sare ya shule: mtu akikuuliza habari za nyumbani, ni nzuri. Tumbo linanguruma, ni nzuri. Bati linavuja hadi sufuria za kukingia zimekwisha, ni nzuri tu. Mama, aliyekuwa akianika dagaa mchangani kule mwaloni, ufukweni zinakoshushwa samaki, alitutoa mlangoni kila asubuhi kwa maneno yaleyale: "Mkiulizwa huko, semeni hatujambo."

Nikiwa darasa la sita, mwalimu wetu akatupeleka kutembelea kituo cha vijana wa teknolojia mjini. Tulijipaka mafuta hadi magotini, tukang'aa. Mwenyeji wetu alikuwa kijana wa kaptula na ndala. Tukampita tukijua ni fundi bomba, shikamoo zetu zote tukampa mlinzi, maana ndiye aliyevaa tai. Ndani tulikuta watu wazima wamejilaza kwenye mito mikubwa wakibonyeza kompyuta, na eti hiyo ndiyo kazi.

Yule wa kaptula akasimama mbele ya ubao. "Biashara inaanza na shida. Nani ataniambia shida ya kwao?"

Akamwonyesha kidole mmoja wetu. "Kwetu hatuna shida." Wa pili naye hana. Darasa zima, na viatu vyetu vilivyoachama mbele, halikuwa na shida hata moja! Mwalimu akatabasamu kwa fahari. Kijana wa watu akaanza kutokwa jasho, nikamwonea huruma, mdomo ukaniponyoka: "Mvua ikinyesha dagaa wa mama wanaoza, tunashindia uji."

Mwalimu akanifinya. Lakini kijana aliruka kwa furaha, akachora chanja iliyoinuliwa juu ya mchanga, yenye paa la nailoni, akawa ananiuliza maswali kama vile mimi ni waziri. Wale wa kwenye mito wakaja kupiga makofi. Sijawahi kujiona mkubwa vile.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. "Umeenda kututangaza mjini!" mama akafoka. Nililia sana, maana niliitaka chanja ile kuliko kitu chochote, na mama hakutaka hata kuisikia. Hakunisemesha mpaka mvua nyingine ilipowalowesha dagaa wote. Jioni akaniita, bila kunitazama: "Hebu nichoree hilo dude lako."

Dude hilo ndilo linalonilisha leo. Natengeneza vikaushio, na wateja wanatoka hadi Ukerewe. Kituoni huniita nizungumze na vijana, na hawa wa siku hizi huwaulizi shida, unawazuia. Chai ikipoa tu, mtu keshajirekodi analia. Nawacheka, kisha nawaonea wivu.

Maana mama amezeeka, na miaka ya kuinamia mchanga imebaki kiunoni mwake. Kila Jumapili namuuliza kama panamuuma. "Pauma nini? Hebu kula." Watu wananilipa nitatue shida zao, na kwa mama yangu nakaa tu na sahani mkononi, nikimtazama anavyoshika ukuta ili ainuke.