Nilijenga vyumba vya kupangisha kwa mama, ukoo ukanipigia makofi

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Wiki nzima nasoma mabishano yenu: nyumba za kupangisha, mifugo, hisa, hati fungani, kipi kinatajirisha. Kila mtu mtaalamu. Mimi sina utaalamu, nina yaliyonikuta tu. Sitaongeza chumvi, maana mke wangu akipita hapa atajua ni mimi.

Ni dereva wa watalii, mzaliwa wa Meru, juu kidogo ya Tengeru. Naishi Kijenge, nyumba ya kupanga.

Mke wangu, Mama Glory, alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa kwenye banda uani, kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Asubuhi kabla sijaamka majirani wameshafika na vidumu vyao. Ada ya Glory ilitoka pale, huku mimi niko mbugani najiona ndiye ninayelisha familia.

Ng'ombe wale nilikuwa nawadharau. Harufu, majani ya kununua, daktari wa mifugo haishi kuja. Kichwani mwangu tajiri ni mtu mwenye wapangaji. Yeye amelala, kodi inaingia.

Na pa kujenga nilishapaona. Kwa mama, kando ya barabara, pale kwenye migomba. Wanafunzi wa vyuo vya Tengeru wanahangaika kutafuta vyumba, na kiwanja ni bure!

Nikaenda kumuomba mama. Alifurahi mpaka akanishika kichwa.

"Jenga mwanangu. Elia atakushukuru sana."

Elia ni mdogo wetu wa mwisho. Wakati huo alikuwa Mwanza, maisha yanampiga. Kwa wasiojua, kwenye ukoo wetu nyumba ya mama na shamba linaloizunguka ni vya kitinda mimba. Sisi wakubwa tunakatiwa kwingine au tunajitafutia. Hilo nalijua tangu navaa kaptula. Ila maneno ya mama niliyaacha yapite. Nikajiambia, nikishamwaga zege nani atanitoa?

Ujenzi ulipofika kwenye linta hela ikakata. Nikamwambia Mama Glory tuuze ng'ombe.

"Baba Glory, hapo unapojenga ni kwa nani?"

"Kwetu."

"Kwenu nani?"

Nikapandisha sauti. Mwanaume akikosa jibu ndivyo anavyofanya. Siku ng'ombe wanapakiwa kwenye gari, Mama Glory alikaa ndani na hakutoka hadi gari lilipoondoka.

Vyumba vikaisha, wanafunzi wakajaa. Nilitamba sana jamani, hata humu jukwaani nilikuwa nawacheka watu wa mifugo.

Kisha mama akafariki. Elia akaja kuzika na mkewe mjamzito, na hawakurudi Mwanza.

Baada ya matanga ukoo ukakaa kikao, baba mdogo ndiye anaongoza. Nilijiandaa kwa ugomvi. Hoja zote nilishazipanga kichwani, na risiti za saruji ziko mfukoni.

Ugomvi wenyewe haukuja. Baba mdogo alisimama akasema, "Kabla ya yote tumshukuru huyu mkubwa. Siku hizi kaka anamnyang'anya mdogo wake hata mpaka wa shamba. Huyu amemjengea! Marehemu alimtolea sadaka ya shukrani kanisani."

Watu wakapiga makofi. Elia akaja kunikumbatia, analia. "Kaka, mimi sikuwa na pa kuanzia."

Wakuu, hapo ungesema nini? Kwamba mama alitoa sadaka kwa jambo ambalo halikuwepo? Nilijibu "amina" nikakaa chini.

Najua mtaniletea habari za mahakama na fidia. Nimeshayawaza yote. Kumshtaki mtu aliyenikumbatia mbele ya ukoo mzima siwezi, na Elia si mwizi. Kila mtu pale aliamini namjengea yeye, kwa sababu kwetu hakuna sababu nyingine ya kujenga mahali hapo.

Kazi ilikuwa kurudi Kijenge. Mama Glory alinisikiliza mpaka mwisho, hakunigombeza, akaenda kupika. Bora angenitukana.

Sisemi nyumba za kupangisha hazilipi. Zinalipa, nimeona kwa macho yangu. Hisa sizijui. Ninachojua ni kwamba wale ng'ombe wawili walikuwa wetu kweli, na mimi nikawageuza kuta kwenye ardhi ya mtu mwingine kwa tamaa ya kiwanja cha bure. Ukitaka kuwekeza, uliza kwanza hapo ni kwa nani. Na mwenzako akikuuliza, mjibu.

Sasa kilichonifanya niandike leo. Juzi Mama Glory aliniomba nimsaidie kusomba mawe ya msingi hadi Muriet. Kufika, kumbe amenunua kiwanja kwa hela ya kikoba na ya cherehani yake. Nikamuuliza mbona hatukushauriana.

Akanijibu kwa upole kabisa, "Hapa ni kwangu na watoto. Na wewe karibu."

Nilishusha mawe yote. Tangu siku hiyo nalala vibaya.

Kwa hiyo ushauri ninaoomba si wa biashara. Kama kuna mtu humu alishapoteza imani ya mke wake kisha akairudisha, aniambie alianzia wapi. Na wenye matusi waandike tu, nitasoma yote.