Mshono wa Begani

Mtaa mzima ulimwita Fundi Mbishi, na mwenyewe alilibeba jina hilo kama cheo. Miaka arobaini alishona makoti ya mvua katika chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani ikitazama dirisha, na hakuna siku aliyompima mtu kwa tepu. Yeye na namba hawakupatana. Alichukua kamba, akafunga fundo la bega, la kiwiko, la kiuno, kisha akaitundika ukutani kwenye msumari wake. Kamba mia na ushee zilining'inia pale, na ukimwuliza hii ya nani, alikujibu bila kugeuza shingo.

Iliyokaa karibu na mlango ilikuwa ya mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee. Mkwe huyu alikuwa mwindaji mwenye kibali, mtu wa maneno ya kuhesabika, hata wenzake wakamwita Kimya. Kila msimu wa mvua, udongo unapokuwa laini na nyayo zinasomeka, aliingia msituni siku sita, mbali na barabara yoyote. Huko hakuna pa kuanika nguo. Ukilowa siku ya kwanza, umelowa mpaka unarudi. Msimu uliopita alirudi na homa ya mapafu, akalala wiki tatu, mkewe akimnywesha supu kwa kijiko.

Basi asubuhi moja, zikiwa zimebaki siku tatu aondoke tena, binti alifika kwa mama yake na mfuko wa dukani. Akazungukazunguka, akasifia mapazia, akaulizia goti linaendeleaje, mwisho akachomoa koti jipya la kijani, jepesi kama ganda la kitunguu. Akasema mumewe kalinunua na kamkataza kulionyesha, lakini yeye hawezi kumficha mama yake kitu kana kwamba wameiba.

Fundi Mbishi alilifinya koti karibu na sikio. Likachakarika. Akasema mnyama atamsikia mkwe kabla mkwe hajamwona mnyama. Binti akamsomea kikaratasi cha shingoni, kwamba maji hayapiti kabisa. Mama akajibu kuwa kikaratasi chenyewe hakijawahi kunyeshewa. Akapitisha kidole kwenye kitambaa, akaona mwiba mmoja tu ungelichana kutoka kwapani hadi kiunoni. Lakini moyoni alikuwa anawaka. Koti ambalo yeye mwenyewe alimshonea mkwe lilikuwa la turubai laini lililopakwa nta, lenye urefu wa nusu paja ili asilikanyage akipanda mlima, na vifungo badala ya zipu, maana zipu ikishaingia tope imekwisha. Lilikosa nini?

"Kamwite mumeo," akasema. "Aje na koti langu, na mkanda wa bunduki."

Kimya alikuja, akasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. Nje mvua ilikuwa inamwagika, na maji ya paa yakashuka kwenye kona ya bati kama yametoka bombani. Mama mkwe akalivaa koti mwenyewe. Akauliza bunduki hukaa bega gani, akaonyeshwa la kulia. Akafunga matofali mawili kwenye ule mkanda, akautundika begani, akachukua kigoda na kwenda kuketi chini ya kona ya bati. Binti akamsihi, akaambiwa mama yake si sabuni.

Akaketi akitikisa bega kama mtu anayetembea. Mwanzo kukavu. Akaanza hata kutabasamu. Kisha kitu cha baridi, chembamba kama uzi, kikampita juu ya mfupa wa bega, kikateremka kwapani. Na kingine. Mkanda ulikuwa unasugua mshono, ukifungua matundu ya sindano moja baada ya jingine. Mshono aliuweka juu ya bega kwa sababu aliyemfundisha aliuweka hapo, na wateja wake wengi ni watu wa sokoni, wa kubeba vitu mikononi. Msituni yeye hajawahi kukanyaga.

Alikaa pale muda mrefu kuliko alivyohitaji. Mtu akiwa kwenye mvua, hakuna anayemwuliza uso umelowa nini.

Aliporudi ndani hakulivua koti.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ukanyamaza mpaka ukaumwa."

"Wewe ni mama mkwe wangu," Kimya alisema, macho chini. "Ningeanzia wapi?"

Fundi akazitazama zile kamba ukutani, akijiuliza ni wangapi wengine waliolowa wakampa asante.

"Heshima yako nusura imfanye binti yangu mjane," akasema. "Kaa hapo. Sema kila kitu."

Ikawa zamu ya Kimya kusema. Alieleza kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino, kwamba kofia ya koti inamziba masikio, na kwamba mikono inabana akiinua bunduki. Kwa kila neno fundi aliongeza fundo kwenye kamba. Siku mbili alifumua na kukata upya. Safari hii kipande kimoja kilivuka bega zima bila mshono, kikaungwa mgongoni kwa kulaliana kama bati za paa, kisha akapitisha nta ya moto kwa mgongo wa kijiko. Lile la dukani alilikunja vizuri akamrudishia. Akamwambia abebe, litafunika kuni.

Siku ya saba Kimya alirudi na paa mmoja na miguu iliyovimba. Hata hajakaa, mama mkwe akaomba shati alilolivua. Akalipapasa begani. Akapapasa kwapani, akalinusa.

"Sema mwenyewe," akamwambia.

Kimya akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dari.

"Begani kukavu, mama. Ila humo ndani..." Akajifuta shingo. "Humo ndani nilipikika kwa jasho."

Fundi Mbishi akalitundika shati kwenye msumari, juu ya kamba yake, akaenda kutafuta mkasi.