Mnada wa Kanisani na Bati za Jirani

Kanisani kwetu hapa Kahama, utoaji hasa huanza ibada ikishakwisha. Tunatoka nje, na vile vilivyoletwa madhabahuni, jogoo, maboga, mkungu wa ndizi, vinapigwa mnada. Ukinunua boga huondoki nalo. Unalirudisha mezani, linauzwa tena, na tena, mpaka boga lenyewe linaona haya. Jumapili ambayo wachimbaji wamerudi kutoka Geita na mfuko umetuna, yai linanunuliwa kwa bei ya kuku.

Mimi muuza mchele nilikuwa bingwa wa mnada huo. Mzee wa kanisa anayeshika kipaza sauti alinitafuta kwa macho kabla hata hajataja bei. Na mimi nisikie naitwa mbele za watu! Wee! Nilipandisha dau mpaka mume wangu akawa anakohoa.

Siku moja akaniuliza, "Hivi mama, unamtolea Mungu au unakitolea kipaza sauti?"

Nilimnunia. Lakini lilinichoma, kwa sababu upepo ulikuwa umeezua nyumba ya jirani yetu, mama mjane, na yeye hana kipaza sauti. Alikuwa analala na wajukuu chini ya turubai, na mvua za kwanza zilishaanza kunukia. Nikaamua: fungu la kutoa litatengwa mapema, kwenye laini nyingine ya simu, na namba ya siri atakaa nayo mume wangu, maana mkono wangu naujua. Kwanza bati za jirani. Maboga baadaye.

Jumapili iliyofuata akaletwa jogoo mwekundu, mzuri kweli. Mchimbaji mmoja akataja bei, kisha mzee akanigeukia. "Mama Mchele, unakubali kushindwa?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Jamani, Mama Mchele leo bubu!"

Watu wakacheka. Nyuma yangu mwanamke mmoja akanong'ona, "Huyo kafulia." Kafulia! Mimi! Nilitaka niinuke nimwoneshe, lakini mume wangu alikuwa ameshanishika kitenge. Jogoo akaenda zake.

Wiki nzima wateja walinunua mchele kwa sauti za msibani. Mmoja alikataa kabisa kuchukua chenji yake. "Kaa nayo tu dada, Mungu yupo." Hasira zilinijaa, lakini nikaendelea kupima mchele. Ningejieleza, ingekuwa ni kutangaza.

Bati zikafika kwa mkokoteni, zikashushwa uani kwangu kumsubiri fundi. Nilikuwa natafuta kanga nikamwite jirani, mara nikasikia hodi. Ni yeye mwenyewe, na beseni la michembe kichwani, vile viazi vilivyokatwa vikaanikwa juani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Nimesikia yaliyokupata." Akashusha beseni. "Wapikie watoto. Biashara ndivyo ilivyo, leo juu, kesho chini."

Kabla sijajibu, akaziona bati. Akashika mdomo.

"Mayu! Umefika mpaka kuuza bati? Usiuze, mwanangu. Uza kitanda, uza kabati, lakini bati usiuze. Mvua inakuja. Mimi ninayelala nje ndiye nakwambia."

Hana paa, na amekuja kuniombea langu.

"Haziuzwi, mama," nikasema. "Ni zako. Fundi yuko njiani."

"Zangu?"

"Za nyumba yako."

Akaziendea, akapitisha kiganja juu yake taratibu, kisha akakaa palepale vumbini akalia. Nami nikalia, tena kwa sauti. Alipomaliza akajifuta kwa ncha ya kitenge, akanitazama vizuri.

"Kwa hiyo hujafulia?"

"Sijafulia, mama."

"Basi nirudishie michembe yangu."

"Thubutu! Umeshatoa!"

Akashika beseni upande wake, nami upande wangu, tukavutana huku tunacheka na machozi hayajakauka, mpaka fundi akaingia na nyundo yake akidhani tunapigana.