Siku Niliyosimama na Wageni

Viti vya plastiki vikibanduliwa kutoka kwenye rundo lao hutoa mlio kama wa bata aliyekanyagwa. Nikiusikia popote nilipo, hata kwenye harusi ya watu nisiowajua, nageuka papo hapo kuwa mtoto wa miaka tisa mwenye wivu. Nakumbuka lupango letu la Dilala, ua mdogo nyuma ya nyumba ya zamani ya kampuni ya migodi, Jumapili saa mbili asubuhi, vumbi jekundu limeshamwagiwa maji ili lisiingie vinywani mwa waimbaji.

Kanisa la baba yangu lilianzia hapo, chini ya turubai la buluu lililofungwa upande mmoja kwenye nondo za dirisha la jikoni na upande mwingine kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Baba alikuwa mwalimu wa darasa la tano. Aliliacha kanisa kubwa la mjini kwa sababu ya wageni waliokuwa wakimiminika Kolwezi kutoka kila pembe ya Kongo kuchimba shaba na kobalti, watu waliolala sita chumba kimoja na hakuna jirani aliyejua majina yao. Msiniulize alikuwa na waumini wangapi. Mimi nitawaambia elfu moja. Mama angewaambia kumi na saba, pamoja na kuku.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wivu wangu ulipozaliwa. Baba alikuwa na utaratibu wake, na hakuukosa hata Jumapili moja. Baada ya nyimbo mbili alisema, "Bageni, simameni, tubaone." Mgeni alisimama, akataja jina, kwao, na mtaa anaoishi. Baba alitoa kalamu mfukoni mwa shati akaandika yote kwenye daftari. Kanisa zima lilimwimbia wimbo wa kumkaribisha, akina mama wakapiga vigelegele, naye akahamishiwa kiti cha mbele chenye mikono. Tena haikuishia hapo. Kabla ya Jumapili nyingine baba alivaa koti, akamfuata mgeni huyo nyumbani kwake na mche wa sabuni mkononi, akakaa, akamuuliza maswali yake matatu: kwenu kuko namna gani, nini inakusumbuaka, tuombe ju ya nini. Kisha alinyamaza akasikiliza. Baba yangu! Mtu ambaye nyumbani alijibu "eh" kabla hujamaliza kusema.

Wageni wengine niliwavumilia. Mujinga sikumvumilia.

Mujinga ni jina lake la kuzaliwa, si tusi langu; alikuwa wa umri wangu. Alikuja na baba yake, mchimbaji, kutoka Mbuji-Mayi. Aliposimama hakutaja jina tu kama watu wengine. Alitaja jina, akatabasamu kwa meno yapatayo mia mbili, akasoma kwa moyo zaburi nzima ambayo hakuna aliyemwomba. Akina mama karibu wavunje viti. Baba alikwenda kwao Jumanne, akarudi tena Alhamisi, akarudi tena Jumanne iliyofuata, na kila akirudi mezani kwetu habari ilikuwa moja.

"Ule mutoto iko na akili," alisema huku akimega bukari, ugali wetu. "Anachekeshaka, ule!"

"Mi pia minajua zaburi," nilisema.

"Eh," alijibu baba.

Nilimwonea Mujinga wivu mpaka nywele zikaniuma. Alhamisi moja nilimfuata baba kwa mbali, nikapita kati ya pikipiki za teksi zilizotaka kuniua zote kwa pamoja, hadi kwenye chumba walichopanga kando ya barabara. Mlango ulikuwa wazi. Baba alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, Mujinga amesimama mbele yake akisimulia jambo kwa mikono na macho, na baba akacheka, kichwa nyuma, kinywa wazi. Sikuwa nimewahi kuyaona magego ya baba yangu. Siku ile niliyaona, tena yakiwa kwa watu.

Jumapili iliyofuata, baada ya nyimbo mbili, baba alisema, "Bageni, simameni, tubaone." Walisimama vijana wawili wa machimboni, wamenyoosha mashati yao vizuri kabisa. Na mimi nikasimama.

Mwanzoni walidhani nataka kwenda msalani. Shemasi, mzee mmoja aliyependa utulivu kuliko Biblia yenyewe, alininong'oneza kwa sauti ambayo nina hakika ilifika Mutshatsha, kijijini kwao mama: "Ngoie! Ikala chini!" Sikukaa. Vijana wawili walitaja majina yao, wakaimbiwa, wakapelekwa mbele. Nikabaki nimesimama peke yangu.

Baba alinitazama. Kisha akatoa kalamu.

"Jina yako?"

"Ngoie."

"Unaikala ku nani?"

"Ku nyumba ya pasta."

Hapo kicheko kililipuka, turubai likatikisika. Baba hakucheka. "Nani alikuita ku kanisa yetu, Ngoie?"

"Hakuna," nilisema. "Nilikuya mwenyewe. Hapana mutu alinikaribishaka."

Kicheko kilikatika kama umeme wa mtaa wetu. Baba aliinama akaandika, polepole, herufi moja moja. Kisha mtu fulani akaanzisha wimbo wa kukaribisha wageni, kwa sauti nyembamba iliyonyooka, na nilipogeuka nikaona ni Mujinga. Alikuwa ameshainuka kwenye kiti chake cha mbele ili nikikalie mimi. Mniamini, hilo lilinichoma kuliko magego ya baba. Hata chuki yangu hakuniachia niwe nayo kwa raha.

Jumatano, baada ya shule, nilifagia sebule mara tatu. Nilivaa gauni la Jumapili, nikakaa kwenye kiti cha baba nikiangalia mlango. Saa kumi nikasikia, "Hodi!" Alikuwa kwenye ngazi ya nyumba yake mwenyewe, amevaa koti, ameshika mche wa sabuni niliouona asubuhi ile ile kwenye rafu yetu.

"Karibu, Tata Pasta," nilisema, nikimwita baba mchungaji kama wageni wote, na sikutabasamu hata kidogo.

Aliketi. Aliuliza kwetu kuko namna gani. Nikajibu kuko mubaya. Aliuliza nini kinachonisumbua, nikasema Mujinga. Aliuliza tuombe kwa ajili ya nini.

"Arudie kwabo."

Kalamu ilisimama. Lakini baba alikuwa mtu wa utaratibu, akaandika. Halafu akafunga daftari, akaanza kunisimulia jinsi alivyofika Kolwezi akiwa kijana, akasali kanisa moja miezi mitatu, na siku aliyoacha kwenda hakuna aliyegundua. Nilimuuliza alilala wapi, alikula nini, nani alimfulia. Alinijibu yote. Nilimchekesha mara mbili, na mara ya pili magego yalionekana, upande wa kushoto.

Ndipo mama alipoingia na chai, kama alivyomletea kila mgeni aliyepita nyumba ile. Aliweka sinia mezani, akabaki amesimama, akipangusa mikono kwenye kitenge chake.

"Na mi, Tata Ngoie," alimwambia baba kwa utani, "utanitembelea siku gani?"

Baba alicheka. "Weye? Weye haiko mugeni, mama!"

Na mimi, nikiogopa dakika zangu zitaisha, nikamkemea mama yangu mzazi: "Mama, leo ni siku yangu!" Akacheka pia. Akatoka, akatufungia mlango taratibu.

Miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama hadithi ya ushindi wangu, na watu walicheka sana. Mpaka siku moja nikiwa na nyumba yangu na sinia yangu, nimesimama nikiwasikiliza wengine wakizungumza, nikatambua kwamba mama hakuwa anatania. Aliacha shamba na mama yake kule Mutshatsha, akamfuata baba. Alikaanga maandazi ya kila Jumapili, akaosha kikombe cha kila mgeni. Na alipouliza swali lake moja, aliyemfunga mdomo nilikuwa mimi.

Baba hayupo tena. Nikienda Dilala sasa nabisha hodi, hata mlango ukiwa wazi, nasubiri mama aje kunifungulia.

"Weye mutoto, ju ya nini unabisha ku kwenu?"

Naingia, nakaa, nanyamaza, namuuliza nini kinachomsumbua. Mara ya kwanza alicheka akaenda kutafuta chai. Mara ya pili alisema hakuna. Mara ya tatu alivuta kiti karibu na changu, akatazama mikono yake, akasema, "Basi sikiliza." Nilipoondoka jua lilikuwa limeshazama, na alikuwa hajafika hata nusu.