Kisima Kilichokuwa Nyuma ya Kibanda

Kila Jumamosi asubuhi ninawafundisha watu wazima kuchora kwa rangi za maji, nje, kwenye hewa, huku Diani na mara nyingine Msambweni. Ninasema "ninafundisha" kwa kuwa ndilo neno nililoliandika kwenye tangazo lililobandikwa katika duka la dawa pale Ukunda. Chuo kikuu nilisomea fasihi. Rangi nilijifunza ukubwani, baada ya ndoa yangu kuvunjika, wakati ambapo wanaume wenye akili wanajifunza kuogelea au wanaoa tena. Michoro yangu mwenyewe ni ya wastani. Maneno ya kuieleza ndiyo ninayo mengi, na nimegundua kwamba anayeanza kujifunza hutambua tofauti hiyo akiwa amechelewa.

Masharti yangu ni mawili. La kwanza, robo saa ya mwanzo hakuna kufungua rangi. Tunavua viatu, tunakaa, tunatazama. Mwenye duka la dawa, ambaye ni mwanafunzi wangu wa siku nyingi, aliwahi kuniuliza kama hilo nalo ni somo au mwalimu amesahau brashi nyumbani. Siku hiyo kweli nilikuwa nimezisahau.

Sharti la pili ndilo ninalolijutia. Nilikuwa nikilisema kila Jumamosi, tena kwa sauti ya mtu aliyelibuni mwenyewe: chora unachokiona, usichore unachokijua. Maana anayeanza anajua bahari ni ya buluu, basi ataipaka buluu hata asubuhi ambayo imekuwa na rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Anajua benchi lina miguu minne, basi ataichora yote minne, hata ule uliofichwa na magoti ya mtu. "Fuata jicho," nilikuwa nikiwaambia. "Kichwa kiacheni nyumbani." Walicheka, wakafuta miguu ya benchi.

Mama ninayetaka kumsimulia alijiunga nasi mwaka jana, mwanzo wa kaskazi. Alikuwa ametoka Msambweni, mwalimu mstaafu wa shule ya chekechea, amevaa buibui na viatu vya mpira, na amebeba rangi zake katika kikapu cha ukili pamoja na chupa ya chai.

"Shikamoo, mama," nilimwambia.

"Marahaba. Mwalimu ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Mbona kijana hivyo?" Nina miaka hamsini na miwili. Nilimpenda papo hapo.

Alikuwa na mambo yake mawili. Kwanza, watu hakuwachora. Alinieleza kwa upole, kama anayemweleza mtoto asiyejua, kwamba viumbe vyenye roho amemwachia Aliyeviumba. Pili, kila alipomaliza mchoro alinyoosha karatasi na kusema, "Nitie vema." Alikuwa amewatia watoto wa watu vema za wino mwekundu maisha yake yote ya kazi, wala yeye hakukumbuka ni nani aliyewahi kumtia. Basi nikawa nikimwekea alama ya vema pembeni mwa karatasi kwa penseli. Mwenye duka la dawa alinuna, akataka na yeye.

Baada ya majuma machache mama alituomba tukachore kwake. Si nyumbani anapolala, akasema, bali kiwanja cha ufuoni, alikoishi na mumewe tangu alipoolewa. Kiwanja kilikuwa cha ukoo wa mume. Ndugu walikuwa wameafikiana kukiuza, na wao wawili walikuwa wamekwisha kuhamia vyumba viwili karibu na barabara kuu. Lakini kila asubuhi walirudi pale, wakafagia majani, wakapika chai, wakakaa mpaka adhuhuri. Mnunuzi alikuwa bado hajaleta mafundi.

"Nataka nipachore kabla hawajaja," alisema. "Nikipata karatasi moja tu iliyo sawa, nitatosheka."

Tulikwenda. Palikuwa na mkungu mkubwa ambao majani yake yalikuwa yameanza kuwa mekundu, kibanda cha udongo kilichoezekwa makuti, kamba ya nguo, mafiga matatu. Mumewe alikuwa amekaa juu ya gogo, mtu mwembamba wa maneno machache, aliyekuwa karani wa ofisi za serikali kule Matuga. Alitukaribisha chai. Chai ile ilikuwa na chumvi kwa mbali, na mama alipoona nimesita na kikombe mdomoni alisema, "Kunywa, mwalimu. Ni ya kisima chetu. Alikichimba mwenyewe huyu, kila jioni akitoka kazini, mwaka tuliooana. Watu walimwambia ufuoni hutapata maji."

"Nikapata," alisema mumewe. Hayo ndiyo maneno ninayoyakumbuka kutoka kwake.

Tulikaa robo saa yetu, kisha tukachora. Nilipopita nyuma ya mama nikaona ameanza vizuri, mkungu umekaa, kibanda kimekaa, kisha pembeni mwa kibanda ameweka duara la mawe na ndoo.

"Hiki ni nini, mama?"

"Kisima."

"Kisima kiko wapi?"

"Nyuma ya kibanda."

"Kutoka hapa unakiona?"

Akainamisha kichwa upande, kana kwamba kibanda kingesogea. "Sikioni. Ila kiko."

Nikamtolea sharti langu la pili. Nilikuwa na wasikilizaji wanne, basi nililitoa kwa urefu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mtu simchori, mwalimu, unalijua hilo," alisema kwa sauti ya chini, mumewe asisikie. "Huyu bwana sitamweka hapa. Lakini kisima ni chake."

Nilimwambia basi ahamie upande wa pili, kionekane. Akasema upande wa pili hauonekani mkungu, wala mlango. Tukaishia kucheka. Alichovya brashi, akakiloweka kisima na kukifuta kwa kitambaa, kikabaki doa la kijivu. Akasema hiyo haikuwa karatasi aliyoitaka, atarudia. Vema hakuomba siku hiyo. Nami sikugundua mpaka niliporudi kwangu.

Hakuwahi kurudia. Mumewe alifariki kabla ya Jumamosi iliyofuata, alfajiri, akiwa anatia udhu. Tulikwenda kuzika, sisi wanafunzi na mwalimu, tukiwa tumesimama pembeni kama watu waliokosea arusi. Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hatatoka, isipokuwa kwa dharura, na kiwanja cha kuchora si dharura kwa kipimo cha mtu yeyote.

Juma la tatu aliniita. Nilimkuta mdogo wake, aliyekuja kukaa naye, akichambua mchele barazani. Mimi nikapewa kigoda nje ya mlango. Yeye alikuwa ndani, nyuma ya pazia la maua.

"Mwalimu, wanakuja kusafisha kiwanja," sauti yake ilisema. "Mwezi huu huu. Mimi niko humu. Nenda ukanichoree."

"Nitakwenda, mama."

"Pale pale tulipokaa. Mlango, mkungu, kamba. Na kile kingine unakijua."

"Ninakijua."

Ningekwenda siku ile ile. Ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Lakini ilikuwa saa sita mchana, na mimi ni mtu wa nuru. Nimewaeleza wanafunzi wengi kwamba jua la utosini huua vivuli. Jumamosi iliyofuata mbingu zilikuwa nzito, nikasema picha ya huzuni namna hiyo haimfai mjane. Baada ya hapo karatasi yangu nzuri ilikuwa imekwisha, nikaenda kutafuta nyingine Kona ya Musa, nikakosa, nikaagiza Mombasa. Ninaweza kuendelea. Ukweli ni mfupi zaidi: niliogopa. Miaka yote hiyo hapakuwahi kuwa na mtu aliyeuhitaji mchoro wangu. Watu waliusifu, nao huo ni mzigo mwepesi sana.

Nilipokwenda, asubuhi yenye nuru safi kabisa, tingatinga lilikuwa limekwisha kupita. Mkungu ulikuwa umelala, mizizi juu, nusu yake imekwisha kukatwa kuni. Kibanda kilikuwa tuta la udongo. Nilizunguka nyuma ya lile tuta nikitafuta kisima, nikakuta kiraka cha mchanga mpya, uliosawazishwa vizuri. Mafundi walikuwa wanapanga mawe ya msingi wa ukuta. Nikasimama pale na ubao wangu kwapani na viatu mkononi. Kwa mazoea nilikuwa nimevivua.

Nilikwenda moja kwa moja kwake. Nilimweleza kupitia pazia, bila kujitetea, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Mdogo wake aliacha mchele, akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyevunja chombo cha watu.

"Rangi unazo?" mama aliuliza mwishowe.

"Ninazo."

"Basi kaa. Mimi nitasema, wewe uchore."

Hivyo ndivyo nilivyochora mchoro wangu mgumu kuliko yote, nikiwa nimekaa juu ya kigoda, magari ya Lungalunga yakipita nyuma yangu, nikitazama pazia. Alinieleza mlango ulivyokuwa umeinama upande wa bawaba. Nilimuuliza rangi ya ukuta. "Chai ya maziwa iliyosahauliwa," alisema, nami nikaichanganya. Alinieleza ni tawi gani la mkungu lililokuwa likitangulia kuwa jekundu kila mwaka, na kwamba kamba ya nguo ilikuwa na fundo katikati, mahali ilipokatika siku ya maziko ya mama mkwe wake. Mdogo wake alikuwa akiinuka mara kwa mara kuja kukagua, kisha anampelekea habari ndani.

"Dada, kamchora ng'ombe."

"Ng'ombe wa nini?"

"Sijui. Kamlaza chini ya mti."

"Ni gogo hilo," nilisema.

"Lina masikio."

Nikasikia kicheko nyuma ya pazia, kidogo, cha puani. Sijawahi kufurahia kudharauliwa kiasi kile. Nilipunguza masikio ya gogo, nikaendelea, na kwa muda nikaamini kwamba kosa langu linarekebishika, kwamba tunapatengeneza upya pale mahali, yeye kwa maneno na mimi kwa mkono. Nikawa na raha. Nikawa mwalimu.

"Kisima umekiweka?" aliuliza.

Nami, brashi ikiwa mkononi, macho kwenye karatasi, nikajibu kama nilivyozoea kujibu Jumamosi zote:

"Kutoka hapa hakionekani, mama."

Nililisikia neno hilo likiwa limekwisha kutoka. Mdogo wake pia alilisikia. Gari moja likapita, na la pili.

"Sawa, mwalimu," sauti ilisema.

Nilianza kusema kwamba nitakiweka, kwamba nafasi ipo, hapa hapa upande wa kulia. Lakini mdogo wake alikuwa amekwisha kuichukua karatasi mbichi kwa ncha mbili za vidole, akaingia nayo ndani. Pazia likatulia. Baada ya kitambo mama alisema, "Ahsante. Umejitahidi." Maneno hayo mtoto wa chekechea huambiwa akikosa.

Nilituma salamu mara kadhaa, zikarudi salamu. Karatasi nyingine niliichora nyumbani, yenye kisima, nikaichana, maana mdomo wa kisima sikuwahi kuuona kwa jicho langu. Siku ile ya chai sikuinuka kwenda kuutazama. Nilikuwa nafundisha.

Eda ilipokwisha, Jumamosi ya kwanza, alikuja. Alikuwa amepungua. Kikapu kilikuwa kile kile. Alisema angependa tukachore Msambweni, kiwanjani, tukaenda.

Ukuta ulikuwa umekamilika, mrefu kuliko mtu aliyesimama, mawe ya kijivu na saruji iliyochuruzika, na waya juu. Mlinzi alitoka kwenye lango, kijana wa bara.

"Mzee, hapa picha hazikubaliwi."

"Si za simu," nilimwambia. "Ni za rangi."

"Za rangi?" Alitutazama mmoja mmoja, akafika kwa mama, akapunguza sauti. "Sawa basi. Lakini msikae kwa gate."

Mama alivua viatu. Akakaa mchangani, akautazama ukuta robo saa nzima, mikono mapajani, bila kugeuza kichwa. Mwenye duka la dawa alichora kaa aliyekuwa akipita. Mimi sikuchora kitu.

Kisha akafungua rangi. Alichora ukuta. Alianzia kushoto mwa karatasi akaufikisha kulia, jiwe kwa jiwe, na michirizi ya saruji, na kivuli cha waya kilichoangukia mawe ya juu, na utepe mwembamba wa mbingu aliouacha karatasi tupu, kwa sababu mbingu asubuhi ile zilikuwa nyeupe. Hakuweka mti. Hakuweka kitu kimoja ambacho jicho halikukiona. Mkono wake haukukosea popote. Ndio mchoro bora uliowahi kuchorwa katika darasa langu, na nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiomba moyoni akosee.

"Na kisima, mama?" nilimuuliza.

Aliinamisha kichwa upande, kama siku ile, akautazama ukuta tena ili ahakikishe.

"Hakionekani kutoka hapa, mwalimu."

Sikusikia uchungu katika sauti yake. Nilitafuta, ningependelea kuusikia. Alisema kama mwanafunzi aliyepewa swali analolijua. Akapuliza karatasi ikauke, akaninyooshea.

"Nitie vema," alisema.

Nikatoa penseli, nikamtia.