Ukuta wa Karibu na Dirisha

Baba yangu alikuwa fundi plasta, na mtaani walimwita Kioo, kwa kuwa mbele ya ukuta alioumaliza yeye, walisema, mtu angeweza kunyoa ndevu. Kwa miaka thelathini na mitatu alipiga plasta nyumba za watu. Siku yake ya mwisho kazini alitolewa kwa mlango wa jikoni, viatu mkononi, asije akachafua sakafu aliyoisugua mwenyewe. Jambo hilo lilimkaa rohoni, ila hatukujua limemkaa kiasi gani.

Nyumba aliyoinunua ilikuwa gofu nyuma ya kiwanda cha magodoro. Warithi wa mwenye nyumba wa zamani waligombana mpaka wakachoka, popo wakahamia darini, madirisha yakaibwa moja moja. Iliuzwa kwa bei ya kutupa, lakini hata hiyo ilitushinda, ndipo mama akatoa kiinua mgongo chake chote. Alikuwa amestaafu kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Makubaliano yao niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe.

"Mpangaji wa kwanza akiingia, mama watoto, pasi unaiweka chini. Hushiki tena nguo ya mtu."

"Ukinidanganya, nitakupiga pasi wewe," mama akajibu, wakacheka wote wawili.

Mpaka siku hiyo ifike, mama aliendelea kupiga pasi nguo za majirani mle mle chumbani mwetu, amesimama kutwa. Miguu ilikuwa imemvimba, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo.

Kazi ya gofu ilichukua mwaka na miezi minne. Baba alizoa kinyesi cha popo kwa ndoo, akabadilisha mabati, akatia madirisha. Mpaka hapo sina neno. Alipofika kwenye kuta ndipo akili ikamruka. Alibandua plasta yote ya zamani, hata ile nzima, eti akiigonga kwa kidole haimwitikii vizuri. Akapiga mpya, akasugua kwa msasa, akapaka rangi nyeupe, kisha akaikagua kwa tochi mchana kweupe, akiimulika kutoka ubavuni ili kila kinundu kitoe kivuli. Nakiri sijawahi kuona sebule nzuri kama ile. Ukiingia unashusha sauti bila kuambiwa.

Wapangaji wakaanza kuja. Wa kwanza walikuwa mwalimu na mkewe, watu wapole kabisa. Mke akauliza saa ya ukutani itakaa wapi.

"Itashikwa na nini?" baba akauliza.

"Na msumari, mzee."

Akawaambia nyumba imeshapata mtu. Akaja dereva wa lori na watoto watatu. Baba akawatazama wale watoto viganja, nikajua maneno yamekwisha. Akaja muuguzi anayeishi peke yake, hana mtoto wala saa. Huyo alikataliwa kwa sababu alisema anapenda kukaanga. "Mafuta yanapanda ukutani," baba alisema. Nilimwambia basi aipangishe kwa malaika, akaninunia siku mbili.

Mama hakugombana naye hata mara moja. Aliyechemka ni mimi.

"Mwache amalize hamu yake," alikuwa akiniambia. "Hajawahi kuwa na ukuta wake." Kisha anageuza shati la watu upande wa pili.

Siku moja akataka kwenda kuiona. Tulitembea taratibu, tukipumzika kila kona. Sebuleni hamkuwa na kiti hata kimoja. Mama aliangalia pande zote, akasema, "Umeweza, mume wangu." Halafu miguu ikamshinda. Akaegemea ukuta wa karibu na dirisha, mgongo na kichwa, akafumba macho.

"Mama watoto! Rangi!"

Mama alijitoa ukutani haraka kama mtoto aliyefumaniwa, akaomba radhi. Palibaki alama ya jasho la mabega, na juu yake doa la mafuta ya nywele. Baba alikuwa ameshachukua brashi. Tulimsubiri mlangoni, mama amenishika bega, mpaka alipomaliza kupaka. Sikumsamehe kwa hilo, na sioni haya kusema.

Wiki ya sita baada ya siku hiyo mama alianguka akiwa kazini, pasi mkononi. Shati lililokuwa mezani liliungua mkono mmoja. Ni moyo, walisema kwenye hospitali ile ile aliyoifulia mashuka miaka ishirini na sita. Mwenye shati alikuja kulichukua, akakuta watu wamejaa uani, akaondoka bila kuuliza.

Baada ya mazishi sikumwuliza baba habari za nyumba. Nilimtafuta yule muuguzi, nikamkuta bado anahangaika kutafuta chumba. Asubuhi moja nikampeleka. Mlango ulikuwa wazi, sakafu imejaa vumbi jeupe.

Baba alikuwa amesimama karibu na dirisha, ameshika kikwangulio. Alikuwa amekwangua ukuta kuanzia usawa wa kichwa cha mama hadi mabegani, kwanza rangi, kisha plasta, mpaka matofali yakatokea. Pale pembeni alikuwa amepiga mstari wa penseli kupima kimo cha mama.

"Baba, unatafuta nini?"

"Ilikuwa hapa," akasema. "Nilipitisha brashi mara mbili tu. Haiwezi kupotea yote."

Hasira niliyokuja nayo iliniishia pale pale, nikabaki na uchungu mtupu. Muuguzi ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Mzee, mimi ukuta haunisumbui. Naweza kuhamia hivi hivi."

Baba akageuka, nyusi zimejaa vumbi, akamtazama. Nilidhani atamwuliza habari za misumari.

"Hamia, mwanangu," akamwambia. "Ukichoka, egemea popote."

Kisha akaugeukia ukuta, akaendelea kukwangua.